Mtambaji na Akae Chini

Siku hizi ukimwuliza mwalimu wa Kiswahili, mwamuzi wa mashindano au mshereheshaji wa harusi mtambaji bora wa hadithi ni yupi, utapata jibu lile lile. Ni yule anayesimama. Anazunguka jukwaa zima, ananguruma kama simba, anaruka kama sungura, amevaa ngozi na manyoya, sauti yake inafika barabarani, na kila baada ya muda anawauliza watu, "Mpooo?" Anayekaa kwenye kigoda na kusema kwa sauti yake ya kila siku huambiwa amepooza, hana jukwaa. Maoni haya nimeyasikia hapa Tabora kutoka kwa walimu ninaowaheshimu, nimeona vijana wenye vipaji vya kweli wakilelewa nayo, na nayapinga. Yanaua kile kile yanachodai kukiokoa.

Lakini kwanza niyaeleze kama wenyewe wanavyoyaeleza. Wanasema hadithi ya simulizi si maneno matupu, ni tendo, na tendo halifanyiki bila mwili. Msomi wa fasihi M. M. Mulokozi alikwisha kuandika katika jarida la Mulika mwaka 1989 kwamba fasihi simulizi ni tukio: ina fanani, ina hadhira, ina fani inayotendwa, ina mahali pake na wakati wake. Kwa hiyo anayesimulia bila kutenda anasoma kitabu kwa mdomo. Wanasema pia kwamba huu ndio urithi wetu, kwa kuwa nchi hii ya magharibi ililea kirangozi wa misafara na manju wa ngoma, watu ambao hakuna aliyewapita bila kuwatazama. Wanaongeza kwamba watoto wa leo wamezoea simu na televisheni, na usipowachangamsha utawapoteza. Na mwisho wanasema hadithi imetoka uani imeingia ukumbini, na ukumbi una watu mia tano.

Hoja hizi zina uzito. Ile ya kwanza naiunga mkono kwa mikono miwili: mwili wa mtambaji ni nusu ya hadithi. Ugomvi wetu ni kuhusu mwili huo una kazi gani. Wao wanaona kazi yake ni kuonekana. Mimi nasema kazi yake ya kwanza ni kuona na kusikia, na mtambaji aliyeacha kuona ameacha kutamba, hata kama jasho linamtiririka.

Kwanza: mwili si miguu peke yake

Kuna bibi mmoja, jirani, ambaye watoto humwendea jioni umeme ukikatika. Hukaa mkekani, miguu ameinyoosha, ungo wa karanga mapajani. Anamenya huku anasimulia. Ganda linavunjika, punje inaanguka kwenye ungo, ganda jingine linavunjika. Watoto hawaitazami mikono yake, lakini masikio yao yameshaizoea. Hadithi inafika pale msichana aliyepotea anapobisha hodi kwenye nyumba ya zimwi, na mikono inasimama. Hakuna aliyepaza sauti. Zile karanga kunyamaza tu kunawafanya watoto wasogeleane. Kisha mmoja, mdogo kuliko wote, anasema kwa sauti ndogo, "Bibi, asiingie."

Bibi anamgeukia. "Asiingie? Na mvua yote hii, mjukuu wangu, alale wapi?"

Mtoto anafikiri. Wenzake wanamtazama. "Apande juu ya mwembe."

"Haya. Akapanda juu ya mwembe."

Na hadithi ikaendelea kutoka mwembeni, njia ambayo bibi hakuwa ameipanga jioni ile. Zimwi lilitoka nje, likasimama chini ya mti, na mtoto yule yule aliyempandisha msichana juu akalazimika kutafuta namna ya kumshusha.

Wanaotaka mtambaji arukeruke wautazame vizuri mwili wa bibi huyu kabla ya kusema hakuutumia. Amekaa, kwa hiyo macho yake yako sawa na macho ya watoto. Mikono ina kazi, na kazi hiyo ina mapigo, kwa hiyo ikisimama kila mtu anajua. Shingo inageuka kumfuata anayesema. Na kubwa kuliko yote, amesikia. Sauti ya mtoto yule haikuwa na nguvu ya kuvuka hata uwanja mdogo. Mtambaji anayekimbia kutoka pembe hadi pembe ya jukwaa, kipaza sauti mdomoni, asingeisikia, na angeendelea na msichana wake hadi ndani ya nyumba ya zimwi kwa sababu ndivyo alivyofanya mazoezi.

Pili: kirangozi na manju

Hapa ndipo wapinzani wangu wanapojiona wana ngome, na mimi nataka tukae hapa muda mrefu, kwa sababu historia hii ni ya kwetu na inatumiwa vibaya.

Kirangozi alikuwa mtu wa mbele katika misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapitia Unyanyembe hapa Tabora, ikaenda hadi Ujiji. Msafiri Mwingereza Burton, aliyefika Kaze, hapa hapa Unyanyembe, pamoja na mwenzake Speke mwezi Novemba 1857, alimweleza katika kitabu kilichotoka mwaka 1860: kitambaa chekundu mwilini, ngozi ya mbega, manyoya ya ndege kichwani, na mpiga ngoma akimfuata. Picha hiyo ndiyo inayoletwa kwenye semina za utambaji. Tazameni, wanasema, mababu zetu walijua thamani ya mbwembwe.

Tuitazame basi, lakini tuitazame yote. Msafara ungeweza kuwa na watu mia kadhaa, misafara mingine ilizidi elfu, na njia ilikuwa nyembamba, mtu mmoja nyuma ya mwingine, katikati ya majani marefu na misitu ya miombo. Kila mpagazi alibeba kiasi cha frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, za nguo au shanga akienda bara, za pembe akirudi pwani. Mtu wa namna hiyo hana nafasi ya kuangalia maonyesho. Anataka kujua kichwa cha msafara kiko wapi. Nyekundu inaonekana ndani ya majani, na ngoma inasikika pale macho yanaposhindwa. Mavazi ya kirangozi yaliwafanyia kazi waliokuwa nyuma yake. Na yeye mwenyewe hakusamehewa mzigo. Alibeba, ingawa mara nyingi wake ulikuwa mwepesi kuliko wa wenzake.

Kuna kanuni nyingine ambayo huwa wanaisimulia kwa furaha: hakuna aliyeruhusiwa kumtangulia kirangozi. Aliyethubutu alichomolewa mshale kwenye podo lake, ili mwisho wa mwendo wa siku atambulike na kutozwa faini. Wanaona hapo wivu wa mkubwa anayelinda nafasi yake mbele ya watu. Mimi naona jambo jingine. Njiani, kosa la aliye mbele linalipwa na wote walio nyuma, kwa miguu yao na kwa kiu yao. Nafasi ya mbele ililindwa kwa sababu ilikuwa na dhamana. Palipokuwa na njia panda, waliotangulia walilaza tawi juu ya njia isiyofaa au walichora mstari, kisha wakaenda zao. Aliyechechemea mwishoni kabisa, akifika pale muda mrefu baadaye, hakumkuta kirangozi akimpungia mkono. Alikuta tawi. Aliongozwa na mtu asiyemwona, kwa sababu mtu huyo alipokuwa pale alimkumbuka.

Na nyimbo? Kiongozi alitupa mstari, safu nzima ikaudaka. Pumzi iliyobeba wimbo ilikuwa ya wapagazi. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa watu wa kuajiriwa waliojua thamani ya kazi yao, waliogomea mshahara mbaya na waliotoroka msafara mbaya. Wasafiri wa Kizungu wamejaza vitabu kwa malalamiko juu ya jambo hilo. Kirangozi aliyesahau kuwaangalia aliamka asubuhi na kukuta mizigo bila wabebaji. Hata utani ambao Wanyamwezi wanao mpaka leo na Wazaramo na watu wengine wa njia ile unatukumbusha kwamba katika dunia ya msafara msemaji alikatizwa, alichokozwa, alijibiwa. Semina zinachukua manyoya ya kirangozi na kuyaacha masikio yake njiani.

Manju, kiongozi wa ngoma, naye aletwe. Upande wa Usukuma, kwa ndugu za Wanyamwezi, wako Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana tangu zamani. Baada ya mavuno hucheza uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, kila upande na watu wake, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Kila mbinu hutumika: dawa, nyoka, mavazi, vituko. Wapinzani wangu wanasema, "Huoni?" Naona. Naona kwamba katika uwanja ule mtazamaji ana miguu. Wimbo ukimchosha anavuka kwenda upande wa pili, na manju anauona mgongo wake ukiondoka. Kwa hiyo manju hawezi kuacha kuwatazama watu hata dakika moja. Anabadili wimbo, anarefusha huu, anaukata ule, kwa sababu hukumu inatembea mbele yake. Hadhira ya mashindano ya shule imepangwa kwenye mabenchi na mwalimu wa zamu, ikaambiwa atakayetoka atamwona. Mtambaji wa huko anaweza kuruka mpaka kesho bila kujua kama kuna mtu hata mmoja aliyebaki naye. Amechukua vituko vya manju, akaondolewa kile kilichomfundisha manju kazi.

Tena Wasukuma hao hao wana ngoma ya wigashe, ambayo huchezwa watu wamekaa. Ngoma nzima, na wachezaji wake, na uhondo wake, watu wakiwa wamekaa chini. Kwenye semina zinazotuambia kukaa ni kupooza sijawahi kuisikia ikitajwa.

Tatu: watoto wa siku hizi hawatulii

Hili husemwa kama vile ni jambo lililothibitishwa. Watoto hawa hawa wanaosemwa hawatulii wamekaa kwenye kibanda cha video, wamebanana kwenye benchi la mbao, joto la bati kichwani, saa mbili nzima wakifuatilia filamu ya Kihindi au ya Kichina yenye sauti ya Kiswahili juu yake. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana nchi nzima kama Lufufu, aliijenga sanaa hiyo. Mtu mmoja na sauti yake. Aliwapa wahusika maneno, akaeleza, akatania, akatabiri, na waliokuwa kibandani wakamjibu kwa kelele kana kwamba anawasikia. Mtaniambia kwamba picha ndiyo iliyowashika. Picha ilikuwepo, lakini ilisema lugha wasiyoijua, na vijana walichagua kibanda kwa kuuliza kama Lufufu ndiye anayetafsiri.

Mfano wa pili nautoa mbali. Mwaka 1974 huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo unaoitwa Dungeons & Dragons, ambao umezaa michezo mingi ya aina yake duniani. Watu wachache wanaizunguka meza. Mmoja wao, mwendesha mchezo, anaueleza ulimwengu: pango, mlango uliofungwa, sauti gizani. Kila mmoja wa wengine ana mhusika wake, na swali linalowarudia ni moja, "Wewe unafanya nini?" Wanajibu, kete zinarushwa, hadithi inaenda kule walikoipeleka. Vijana hukaa kwenye meza hiyo saa tatu, saa nne, simu zao zipo mifukoni, na hakuna aliyewarukia. Waendesha mchezo wa huko nao wanabishana juu ya haya tunayobishania: wakae au wasimame, wajifiche nyuma ya kile kiwambo kinachoficha kete na maandishi yao au waiache meza wazi. Nawakubalia wale wanaosimama wakisema kwamba wakisimama wanaona nyuso zote na wanamfikia yule aliyenyamaza pembeni. Hao wanasimama ili waone. Mtambaji wetu akisimama kwa sababu hiyo sina ugomvi naye.

Kilichowaweka vijana kitini, kibandani na mezani, ni kwamba walitarajia kuwa na neno. Mtoto anayejua kwamba ataulizwa hatulii kwa kulazimishwa, anatulia kwa kusubiri zamu yake. Mtoto anayejua hataulizwa kitu anatoa simu, na hapo anahukumiwa kuwa ni kizazi kilichoharibika.

Nne: wanashirikisha hadhira

Hapa maoni haya yanajipinga yenyewe. Vitabu vya shule, vya Tanzania na vya Kenya, vinaorodhesha sifa za mtambaji bora, na wanafunzi wanazikariri kwa ajili ya mtihani: awe mchangamfu, abadilishe sauti, atumie ishara za mwili, aishirikishe hadhira. Sifa ya mwisho ipo pale kwenye karatasi. Kisha nenda ukumbini uone inavyotekelezwa. "Mpooo?" "Tupooo!" "Makofi ya kilo!" Makofi yanapigwa. Hadithi inaendelea kama ilivyoandikwa. Watu hao wamefanya nini zaidi ya kutii?

Linganisha na vitendawili, mchezo ambao kila mtoto wa Kiswahili ameucheza. Mmoja anasema "Kitendawili!", wenzake wanajibu "Tega!" Anatega. Wakishindwa, anawaambia, "Nipeni mji." Na hapo walioshindwa ndio wanaochagua. "Chukua Tabora." Naye hawezi kuendelea mpaka aende Tabora waliyompa: "Nilikwenda Tabora, watu wa Tabora wakanikaribisha kwa asali," halafu ndipo ajibu. Wangempa Ujiji angekwenda Ujiji, na ingebidi aseme kitu cha Ujiji, dagaa au ziwa. Mtegaji ana siri, wategewa wana mji, na kila mmoja anamhitaji mwenzake ili mchezo usogee. Hakuna anayempigia mwenzake makofi. Mamlaka yanapita mkono kwa mkono, na mchezo huu watoto wetu wa miaka sita wanauweza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wasomi wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama na Amandina Lihamba miongoni mwao, walikwenda Malya, katika Mkoa wa Mwanza, kufanya sanaa hizo pamoja na wanakijiji. Wanakijiji walichagua wenyewe matatizo ya kuyaonyesha, wakayaigiza kwa ngoma na maigizo yao, na baada ya hapo wakayajadili. Hayo yalifanyika nchini mwetu, yakaandikwa, yakafundishwa vyuoni. Leo mwalimu anayehitimu vyuo hivyo hivyo anampa mtoto alama kwa kuruka.

Tano: ukumbi ni mkubwa

Kama ukumbi ni mkubwa mno kwa hadithi, tafuta mahali padogo. Sioni haja ya kusema mengi. Tabora ina miembe ya kutosha, mingi yake mizee sana, na chini ya kila mmoja wanaenea watoto thelathini. Na anayesema sauti ya kawaida haiwezi kuwafikia wengi akumbuke Mama na Mwana, kipindi cha Radio Tanzania alichokiendesha Deborah Mwenda. Nchi nzima ilikaa karibu na redio kumsikiliza mama mmoja akisema kama mama anavyosema nyumbani. Kama angepiga kelele studioni, watoto wangezima.

Gharama ambazo haziandikwi

Wanaofuata mtindo huu hawajaulizwa unatugharimu nini, na mimi naona unatugharimu mengi.

Unatugharimu watambaji. Bibi niliyemweleza hawezi kupanda jukwaani. Magoti yake hayamruhusu. Mama mwenye mtoto mgongoni hatasimama kuruka mbele ya mkuu wa wilaya. Kijana mwenye ulemavu wa miguu anaambiwa na karatasi ya alama kwamba hawezi "kulitawala jukwaa". Mwenye kigugumizi, mwenye sauti ndogo, mwenye haya, wote wameshaondolewa kabla ya raundi ya kwanza. Wamebaki vijana wenye afya na mapafu. Hawa ndio tunaowaita warithi wa fasihi simulizi, ilhali waliotuletea fasihi hiyo mpaka hapa walikuwa zaidi wazee waliokaa.

Unatugharimu hadithi zenyewe. Ukitaka alama utachagua hadithi ya mnyama anayeruka. Hadithi za ukoo, za nani alitoka wapi na kwa nini, za njaa, za ndugu wawili walioachana bila mmoja wao kuwa na kosa, hazina mahali pa kurukia. Zinatambwa kwa kutulia au hazitambwi. Kwenye mashindano zimeshatoweka.

Gharama kubwa kuliko zote iko hapa Tabora, na ndiyo iliyonifanya niandike. Mji huu umekaa juu ya historia ambayo bado ina wenyewe. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo aliingia vitani na Waarabu wa Unyanyembe. Katika ua mmoja ni shujaa aliyewafungia njia wafanyabiashara, katika ua wa pili ni yule aliyechoma kijiji cha babu. Januari 1893 Mtemi Isike wa Unyanyembe alikufa boma lake lilipoangukia mikononi mwa Wajerumani, na alikuwa na maadui wa nyumbani pia. Njia ile ile ya pembe ilipita na watu waliouzwa, na vizazi vya waliouzwa na vya waliouza vinasali pamoja na kuoana mtaa mmoja. Mtu anayesimulia mambo haya anahitaji kuona yuko mbele ya nani. Akiona mzee ameinamisha macho, apunguze mwendo. Akiona kijana amekunja uso, amwachie nafasi aulize. Hii ni kazi ya macho, na inamtaka mtu akae karibu.

Nimeshuhudia kijana hodari kwenye mashindano ya shule, katika ukumbi ambao sitautaja, akisimulia habari ya msafara. Alivaa kanga nyekundu begani na manyoya ya kuku kichwani. Alipofika kwenye wapagazi alijifunga mnyororo wa baiskeli shingoni na kuchechemea kutoka upande mmoja wa jukwaa hadi mwingine, akijipiga mjeledi wa kamba, akitoa sauti ya kilio. Aliigiza vizuri sana, na ukumbi ulicheka mpaka watu wakapiga meza. Safu ya pili mwanamke mmoja mtu mzima alinyanyuka, akashika mkoba wake, akatoka. Kijana hakumwona, alikuwa anageuka kwa ajili ya kilio cha pili. Waamuzi nao hawakumwona, walikuwa wanaandika alama.

Kwanza, alichokieleza si kweli. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo ya njia ile walikuwa kwa sehemu kubwa watu huru, waliolipwa kwa nguo, wengine wakijenga heshima yao ya utu uzima kwa safari ya pwani. Kuwavika minyororo ni kuwanyang'anya kazi yao. Waliofungwa minyororo walikuwa wengine, na hao ndio waliochekwa. Mtindo wa kuruka ulimpeleka kwenye mnyororo kwa sababu mnyororo unaonekana na ujira hauonekani. Pili, angekuwa amekaa, watu thelathini mbele yake, mama yule asingeweza kuondoka bila kijana kujua. Labda angenyamaza. Labda angemwuliza, "Mama, nimekosea?" na mama angesema neno ambalo ukumbi mzima ulistahili kulisikia. Simlaumu kijana. Alifanya kila alichofundishwa, na alishinda.

Kinachotakiwa kufanywa

Wanaoandaa mashindano waanze na karatasi ya alama. Kipengele cha kulitawala jukwaa kiondolewe, na pawe na alama kwa kila mahali ambapo hadithi ilibadilika kwa sababu ya neno la msikilizaji. Washiriki wasitambe mbele ya watu mia tano. Wagawiwe makundi ya wasikilizaji ishirini au thelathini, na wasikilizaji wawe na ruhusa ya kuondoka kwenda kundi jingine, kama wanavyofanya watu wa Bagika na Bagalu. Kipaza sauti kibaki kwa mgeni rasmi. Walimu wanaofundisha sifa za fanani wafundishe kwa uzito ule ule sifa za hadhira, kwani Mulokozi aliiweka kwenye orodha ile ile. Watambaji wazee waitwe kama washindani, siyo kama wageni wa kupewa kanga na kupigwa picha.

Na waamuzi waondolewe kwenye ile meza ndefu ya mbele yenye kitambaa na chupa za maji. Wakae mkekani katikati ya watoto, waitikie, wategewe vitendawili, na wakishindwa watoe mji kama wengine.